Shukrani kwa mzee wa benchi la nje

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina sikukuuliza, maana siku ile akili haikuwepo.

Mimi ndiye yule wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia, niliyemsindikiza mjane kwenye baraza la ardhi wiki ya pili ya Majilio, majuma yale ya kungojea Noeli. Mashemeji walimwambia mwanamke hana shamba kwa mila zao, na marehemu hata arobaini hajafikisha. Tukaahirishwa mara ya tatu: mwenyekiti hayupo. Mama akafungua fundo la khanga, akahesabu nauli, haikutosha. Nami moyoni nilishajiuzulu, nisiseme uongo.

Ndipo ukatoa kile kijitabu kilichofungwa kwa gazeti: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya 1999. Kifungu cha 20 ulikuwa umekipigia mstari kwa penseli, kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Ukamsomea mama polepole, mara mbili, kisha ukamwambia asome Luka 18, habari za mjane na kadhi. Nauli nayo ukaongeza, ukaondoka kabla hatujasema asante.

Dominika ya tatu, ulipowashwa mshumaa wa rangi ya waridi, ule wa furaha, mama alikuwa benchi la mbele. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikaa nyuma mlangoni.

Asante sana, mzee. Kesi imesogezwa hadi Januari. Kijitabu chako ninacho. Nimekitoa kopi, chenyewe nitakuja nacho benchi lile lile.