YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMBA YA KUJAZIA MIFARISHI YA WATOTO

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nashona mifarishi ya watoto wachanga, yaani mablanketi ya vitambaa viwili vyenye pamba katikati, kwa khanga na vitenge. Niliagiza kwenu rola la pamba ya kujazia, mita 5, mkanitumia kwa basi. Tangazo lenu lilisema ni pamba tupu, asilimia 100, laini, inalala vizuri, inafaa mtoto. Lebo ya kwenye mfuko wake ikarudia maneno hayo hayo. Kilichokuwa ndani ni kitu kingine kabisa.

Nilikata kipande nikakishika kona moja, nikakiinua. Pamba ya mfarishi ukiishika hivyo inatakiwa ianguke na kufuata mkono. Hii ilisimama wima kama ubavu wa boksi. Kuipapasa, nikakuta utando mgumu unaong'aa, ile gundi wanayonyunyizia viwandani ili nyuzi zisitawanyike. Nikachomoa nyuzi chache nikazitia kiberiti. Pamba ya kweli ikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi, ukilisugua vidoleni linapotea. Nyuzi zenu ziliyeyuka, zikajikunyata, zikaacha kidonge cheusi kigumu. Hiyo ni poliesta.

Sina ugomvi na poliesta. Ni nyepesi, inakauka upesi, na mito ya makochi naijazia hiyo hiyo. Ila mtoto mchanga, na joto hili la Tanga, anahitaji kitu kinachonyonya jasho. Na kama ningeitaka poliesta, ningelipa bei ya poliesta.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo alinijibu kwa upole, "Mama, ukiifua italainika." Haya, nikafua kipande, nikaanika. Katikati nyuzi zimekusanyika mabonge, pembeni pamebaki pagumu vile vile. Kipande kingine nilikishona kati ya khanga mbili nyeusi kwa majaribio: kinatoa manyoya meupe yanayopenya kitambaa. Sihitaji kuwaeleza mtoto wa miezi mitano anafanya nini na kila kinachofika karibu na mdomo wake.

Fundi anaweza kupunguza ukakamavu kwa kuachanisha mistari ya kushonea, maana mistari ikibanana sana hata pamba nzuri inakuwa ngumu. Lakini aachanishe kiasi gani? Lebo yenu haisemi. Pamba isiyo na gundi wala wavu wa kuishikilia kwa kawaida hutaka mistari ya karibu, inchi 3 au 4, la sivyo inahama ikifuliwa. Yenye wavu huvumilia inchi 8 hata 10, ila wavu huo huo ndio unaoizuia isilale. Hilo ndilo jambo la kwanza fundi anataka kujua, na ninyi lebo mmeijaza maua na picha ya mtoto anayecheka. Uzito kwa mita ya mraba haupo. Kwamba pamba husinyaa asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza, hakuna. (Mikunjo ile ya kusinyaa mimi naipenda, lakini mteja wangu lazima aambiwe kabla.)

Tena mmeandika "inafaa kumlaza mtoto". Madaktari wa watoto wanashauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiachiwe blanketi huru pale anapolala. Mfarishi ni wa kumtandikia mkekani akicheza mbele ya macho ya mzazi, au kumfunika akiwa amebebwa. Mnaowauzia wazazi hamna budi kuliandika hilo.

Mfarishi wenyewe ulikuwa wa arobaini ya mtoto wa mteja wangu, na siku haikungoja. Nimetia flaneli tabaka moja badala ya pamba yenu. Unalala vizuri mno, kusema kweli, ila ni mwembamba kuliko alioagiza, ikabidi nimpunguzie bei.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha yote ya rola pamoja na gharama ya basi, au mniletee pamba isiyo na gundi inayolingana na tangazo, kwa gharama zenu, ndani ya siku 14. Na maneno "pamba asilimia 100" myaondoe kwenye bidhaa hii. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, lebo, kipande kilichofuliwa na kile cha khanga nyeusi. Rola lililobaki lipo kibandani kwangu, limefungwa. Mtumeni mtu alichukue.

Wenu,
Mteja na fundi wa mifarishi,
Tanga.