Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, 2025

Ndugu wanachama,

Uamuzi mzito wa mwaka huu mliupitisha wenyewe: kuacha kucheza attan, ngoma ya jadi ya Afghanistan, kwa muziki wa spika. Waliopinga nawaheshimu, maana vijana wetu walikuwa bado wanajifunza kupiga dhol, ile ngoma kubwa inayopigwa pande mbili. Lakini matokeo tumeyaona sote.

Attan huchezwa kwa duara na huanza taratibu: hatua, kofi, mzunguko. Mpiga dhol hawaondolei macho wachezaji. Akiona wamechangamka, anazidisha mwendo. Wakizidisha wao, anawafuata, mpaka vichwa vinatupwa huku na huku na nywele zinaruka. Rekodi haiwezi kumwona mchezaji. Pembeni ya mpiga dhol yuko mpiga surna, chombo ambacho mzaliwa wa Lamu akikisikia atasema ni zumari. Huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma pumzi, sauti isikatike. Hilo bado linatushinda, na mwalimu anasema tusiharakishe.

Tumenunua pia rubab, chombo cha nyuzi, iliyokwisha kutumika, nzuri sana. Kiwiliwili chake kimechongwa kwa gogo moja la mforosadi, tumbo limewambwa ngozi ya mbuzi. Nyuzi kuu ni tatu. Chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizopigwa, ambazo huitikia zenyewe. Desemba 2024 UNESCO iliingiza uundaji na upigaji wa rubab katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa Afghanistan pamoja na Iran, Tajikistan na Uzbekistan.

Huko Afghanistan kwenyewe, tangu Taliban warudi madarakani Agosti 2021, muziki hadharani umepigwa marufuku. Julai 2023 walichoma vyombo vya muziki huko Herat. Wanafunzi wa Taasisi ya Taifa ya Muziki ya Kabul sasa wanasomea Ureno. Kwa hiyo anayesema chama chetu ni cha burudani tu, simkubalii hata kidogo.

Mwakani kamati inapendekeza darasa la daira, tari ambalo wanawake wa Herat wamekuwa wakilipiga wenyewe kwa wenyewe harusini. Kina mama kadhaa wameshajiandikisha, na nafasi bado zipo.

Hesabu atazisoma mhazini. Ngozi za dhol zimechakaa, zinahitaji kubadilishwa kabla ya Nauruzi, sikukuu ya mwaka mpya mwezi Machi, kwa hiyo wenye ada ya nyuma tafadhali wamwone leo kabla ya kuondoka.