Mdogo wangu ulioko Doha, hakumwita mwanao mnene

Mdogo wangu, nimeskiliza voisi yako yote, kulalama kote kule kuhusu huyo Mfilipino mnaelala naye chumba kimoja, eti kila ukipiga vidiokoli na nyumbani anachungulia kwenye simu anamwita mtoto "Nene! Nene!" na wewe umenuna wiki nzima hata chumvi humuombi. Jamani. Kwao Nene ni katoto ka kike, ndo wanavyowaita tu, na angekuwa wa kiume angeitwa Totoy, na ukikutana na watu wa Iloilo huko visiwa vya kati wao wanasema Toto kabisa, hapo ungecheka.

Mi nimekaa nao Dubai nawajua. Hao watu jina la cheti halina kazi nyumbani. Mzazi akimwita mwanae anasema anak, awe wa kike awe wa kiume, ni mwanangu yetu hii hii, na hata mtu mzima wa miaka arobaini mama yake akipiga simu ni anak umekula? Kitinda mimba ndo bunso, na huyo habanduki kwenye ubunso hata akioa akaota mvi. Kifungua mimba ni panganay ila hawamwiti hivyo, akishapata wadogo tu anakuwa Ate kama ni binti au Kuya kama ni kijana, na mama mwenyewe aliyemzaa anamwita Ate mbele ya wadogo zake ili wazoee heshima. Kuna na kaneno po ka adabu, kama vile shikamoo inavyofanya kazi kwetu, basi utaskia mzazi anamwambia po mtoto wa miaka miwili, wala si kwamba anamwogopa, anamfundisha kujibu.

Wazee wao wakimwona kijana wasiyemjua, muuza duka au nani, wanamwita iho, na binti ni iha. Hiyo wameachiwa na Wahispania waliowatawala miaka mia tatu na zaidi. Na majina ya utotoni hayafi bana, rais wao aliyeingia 2022, Ferdinand Marcos Junia, kazaliwa 1957 na nchi nzima inamwita Bongbong, we fikiria baba mzima.

Kwahiyo huyo mwenzio akimwita mwanao Nene ujue keshamhesabu wa nyumbani, na kusema ukweli ugenini huko watu wa kukuulizia mtoto ni wachache, usimkatie tamaa kwa kitu kidogo hivi. Mpelekee hata chai umalize. Na mtoto mfundishe amwite Tita, ndo shangazi au mama mdogo kwao, rafiki wa mama yeyote ni Tita. We mwenyewe kama kakuzidi umri muite Ate, ukimtaja jina kavukavu hivyo unavyofanya yeye ndo alitakiwa kununa.