Mdogo wangu, usicheke ili wakuache

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Hao kaka wa mwaka wa tatu wanaokaa kwenye ngazi za bweni, wanaosimamisha njuka, wanafunzi wapya, wa kike na kuwaamuru wapite mmoja mmoja ili "wakague", hawamkaribishi mtu chuoni. Na yule aliyekuuliza mbele ya wenzake unalala umevaa nini, kisha uliponyamaza akakubandika jina kwenye grupu la WhatsApp, hajakutania.

Utani tunaujua, tumekulia humo. Mpare na Mchaga wakikutana hata msibani wanachokozana. Lakini mtani ukimrushia neno naye anakurudishia, na hakuna anayerudi kwake akiogopa kesho. Hapo kwenu anayesemwa ni yuleyule kila siku, na akifungua mdomo anaambiwa hana heshima kwa wakubwa.

Wengi watakushauri upuuze, watachoka wenyewe. Mimi sikubali. Mwaka 1990, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aitwaye Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi wa kiume lililojificha nyuma ya jina la Punch. Kundi hilo lilikuwa na desturi ya kubandika ukutani michoro na maandishi ya kudhalilisha wasichana, na watu wakisimama kuyasoma. Wale wasomaji ndio wanaoniumiza zaidi nikiwafikiria. Waandishi wa habari wanawake wa chama cha TAMWA hawakuacha jambo lile lifukiwe, wakaendelea kupigania sheria, na mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ndiyo iliyoingiza kifungu cha 138D kwenye Kanuni ya Adhabu: kumsumbua mtu kingono, hata kwa maneno, ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Wanaokaa kwenye zile ngazi sidhani kama wanalijua hilo.

Sasa wewe. Jibu lako liwe fupi na liwe lilelile kila mara: "Swali hilo silijibu, na usiniulize tena." Usitukane, usijieleze, usiombe radhi. Na usicheke. Najua kicheko kinamtoka mtu akiogopa, wala si kosa lako kikikutoka, ila wao watakihesabu kuwa umeridhia. Ukishasema, ondoka. Wakikuzibia njia, rudi walipo watu. Sitaki ushujaa wa kubaki peke yako na wanaume sita kwenye korido. Na mtu yeyote akikuita chumbani kwake usiku "ukaombe msamaha kwa wakubwa", usiende, hata kama anayekuletea salamu ni msichana mwenzako.

Yale ya kwenye grupu yapige picha kabla hawajayafuta, tarehe na namba zionekane. Unyanyasaji wa mtandaoni nao una sheria yake, ya mwaka 2015. Yanayosemwa kwa mdomo yaandike usiku huohuo: nani, wapi, nani alikuwepo.

Kisha zungumza na wasichana wa chumbani kwako. Nakuhakikishia si wewe peke yako; kila mmoja amemeza lake akidhani mwenzake haguswi. Mkienda wanne, malalamiko hayatageuzwa kuwa mambo ya binti mmoja mwenye hasira. Anzeni kwa mshauri wa wanafunzi, au Dawati la Jinsia kama chuo chenu kinalo. Pelekeni barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Mkijibiwa kwamba ndiyo maisha ya chuo, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mkiwa na hiyo nakala.

Mama usimfiche. Unaogopa atasema urudi nyumbani, na huenda atasema, lakini niachie mimi hiyo kazi ya kumtuliza. Wewe hujakosa kitu cha kukutoa darasani.

Na ofisini wakikuuliza siku hiyo ulikuwa umevaa nini, usijibu. Waambie dada yako yuko njiani, kisha nipigie, nitapanda basi la alfajiri.