Mafundi baiskeli, habu (kitovu cha gurudumu) inakazwa kwa spana mbili

Mhariri naomba nafasi niwaambie mafundi wetu wa baiskeli, gurudumu likicheza msikaze tu nati ya nje mkamrudishia mtu baiskeli yake, maana koni, ile nati ya ndani inayobana gololi, inabaki huru na kesho akipakia magunia ya mkaa inalegea tena. Fungueni habu, futeni grisi chafu, koni yenye vishimo tupeni, wekeni gololi mpya, nyuma mara nyingi ni tisa kila upande za robo inchi. Halafu shikilieni koni kwa spana nyembamba huku mnakaza ile nati ya nje kwa spana nyingine, ekseli izunguke laini bila kucheza. Na nyie wenye maduka ya spea jamani, zileteni hizo spana nyembamba, watu wanakula kwa hizi baiskeli.

Msomaji, Shinyanga