Dada, linki sikutumii tena

Dada,

Najua utaisoma hii. Usiku watoto wakishalala ndio muda wako wa kusoma kila kitu, na huachi hata dalili kwamba umepita. Mwaka unakaribia sasa. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi acha niseme hapa mbele za watu.

Unakumbuka siku ya Fürth, huku Ujerumani, Juni 2023? Wewe ndiye uliyenivuta. Ilikuwa wiki ya Kirchentag, kongamano la Waprotestanti, na foleni ilijaa nje ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Tukabanana humo ndani zaidi ya watu 300, na mbele hapakuwa na mchungaji. Kwenye skrini kubwa juu ya madhabahu zilikuwepo sura za kompyuta zikihubiri maneno yaliyotungwa na ChatGPT, programu ya akili bandia. Dakika 40. Mwanatheolojia wa Vienna aliyeiandaa ibada ile alisema karibu yote imetoka kwenye mashine. Sura mojawapo ikatuambia tusiogope kifo, uso mkavu, na wewe ukanishika mkono ukaninong'oneza, "Huyu atazikwa wapi hata atuambie tusiogope kufa?" Ilipofika Baba Yetu ulifunga mdomo. Ulisema huwezi kuitikia amina ya kitu kisicho na roho. Nilikupenda sana siku ile.

Ndiyo maana siku ya kumzika mama yangu inaniuma mpaka leo.

Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwama ofisini, kusafiri nisingeweza. Kijana wa kaka yangu alishika simu kule Machame, mimi huku Nürnberg nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Watu kumi na wanne walikuja, viatu vyao vyenye theluji vikajaa mlangoni. Wewe ulikuja kwa linki. Mraba mweusi, na jina lako kwa herufi nyeupe kando ya jeneza la mama. Mchungaji alikuwa anatamka udongo kwa udongo, picha ikaganda, sauti ya Machame ikakatika, na katika ukimya ule tukakusikia wewe. Maiki ulikuwa umeisahau wazi. Sahani zinagongana, bomba linamwaga maji, halafu unamwambia mtoto: "Kula haraka, hawa wanakaribia kumaliza."

Hawa.

Sebule nzima iliangalia chini. Picha iliporudi, watu walikuwa wameshaanza kufukia. Mama yangu kushushwa kaburini sikukuona. Nilisikia sahani zako.

Na kutoka kwako hadi kwangu ni treni ya U1 tu, hata kubadilisha hubadilishi.

Nilitaka kukushauri jambo moja, urudi kanisani. Unasema hujatoka: kodi ya kanisa inakatwa, ile asilimia 8 ya kodi ya mapato tunayokatwa sote hapa Bavaria, ibada unaifuata jikoni kila Jumapili, sadaka unatuma kwa simu. Sawa. Lakini jikoni humo nani ataona kwamba umekonda? Nani atakuuliza mguu unaendeleaje? Ulikuwa unachechemea mara ya mwisho.

Utasema mimi ndiye niliyeanzisha mambo haya. Ni kweli. Machi 2020 makanisa ya huku yalipofungwa kwa korona, ni mimi niliyewafundisha akina mama kufungua linki mmoja mmoja, kwa simu, usiku. Zile dakika 40 za bure za Zoom zikikatika tunaingia upya na kudaka pambio pale lilipoachiwa. Alhamisi Kuu tulikula mkate wa dukani na juisi ya zabibu, kila mtu na simu yake mezani, huku wachungaji wa Kijerumani wakibishana kama hiyo ni Meza ya Bwana au siyo. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, nilimshikia bibi mmoja tableti mchungaji akimwombea. Bibi akawa anapapasa kile kioo akitafuta mkono. Nikampa wangu, na glavu zake. Kwa hiyo usiniambie nimewafundisha watu uvivu. Siku zile milango ilifungwa kwa amri. Siku ya mama yangu, mlango wangu ulikuwa wazi.

Na kama bado unahesabu kwamba ulipojifungua huyu mdogo nilikuja siku ya tisa, nilikuwa zamu za usiku mfululizo, na nilikupigia simu ya video kila asubuhi nikitoka kazini. Nilidhani hilo tulishalimaliza. Labda ni mimi tu niliyelimaliza. Ungeniambia, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma barua za Kijerumani nilipofika sijui lolote, ungeshindwaje kuniambia hilo?

Mwezi ujao, Jumamosi ya pili, saa tisa mchana, tunafanya ibada ya kumbukumbu ya mama hapa kwangu. Linki itakuwepo kwa ajili ya watu wa Machame. Kwako sitaituma. Nitapika machalari, ndizi nimeshamwagiza yule Mghana wa sokoni. Njoo na mtoto, na ale polepole.