Shule za kutwa Mombasa zianze na choo, geti litafuata

Mhariri,

Kila msimu wa kuchagua shule za sekondari ya juu ukifika, wazazi wa Mombasa huiweka mkiani shule ya kutwa iliyo dakika kumi kutoka nyumbani kwao. Utaratibu uliotumika 2025 ulimtaka mwanafunzi wa Gredi 9 achague shule 12, tatu kati yazo ziwe za kutwa katika kaunti ndogo anayoishi. Hizo tatu wengi walizijaza ili fomu ikamilike tu. Walichotaka ni bweni, na bweni si bei rahisi. Karo rasmi ya shule kubwa za bweni ni Sh53,554 kwa mwaka katika miji kama wetu na Sh40,535 kwingineko, kabla hujanunua godoro wala kulipa nauli. Mzazi wa Bombolulu au Mtongwe anayekopa kulipa pesa hizo ana sababu zake, na si fahari kama wanavyodai baadhi ya wasimamizi wa shule.

Bodi nyingi za shule zikipata pesa za mradi huanza na geti lenye matao, kisha basi. Mzazi wa mtaani hana haja na geti. Yeye humuuliza mtoto wa jirani anayesoma pale kama chooni kuna maji, na kama mwalimu wa fizikia aliyeondoka mwaka jana amepata wa kushika nafasi yake.

Tuchukue shule ya wanafunzi 600, wasichana 320 na wavulana 280. Kipimo cha Wizara ya Elimu ni tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, kwa hivyo inahitaji matundu 13 na 10. Kuyajenga si shida kubwa, NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, imeshajenga mengi. Kinachoshinda ni maji. Ya mfereji huja yanapotaka, basi shule huchimba kisima, na kisima cha hapa mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Maji hayo hupitishwa kwenye mabomba ya chuma hadi kwenye vitangi vya kuvuta. Chumvi hula chuma, koki huganda, vitangi huziba, na baada ya miaka michache nusu ya vyoo vina kufuli. Bodi huitisha mkutano na kuomba pesa za kisima cha pili, chenye chumvi ile ile!

Dawa ni kutenganisha maji kwa laini mbili za mabomba ya plastiki: ya kisima iende chooni peke yake, ya mfereji na ya mvua yabaki ya kunywa, kunawa na kupikia. Vitangi vya kuvuta viondolewe, kuwe na pipa na kopo, kwani choo cha kumwagia kwa kopo hakina kifaa cha kuharibika. Kwa hesabu ya lita 5 za kunywa na kunawa kwa kila mwanafunzi kwa siku, hizo ni lita 3,000. Chooni ongeza 1,800 hivi. Jumla haifiki lita 5,000, kwa hivyo matangi mawili ya lita 10,000 yanatosha siku nne. Paa la madarasa manne ya mita 7.5 kwa 6 lina mita mraba 180, na mvua ya milimita 10 tu hukupa lita 1,400 hivi baada ya zile zinazopotea. Masika ya Aprili na Mei ni neema inayomwagika chini kwa sababu mifereji ya paa ni ya bati na vishikizo vyake vimeliwa na hewa ya bahari. Wekeni ya plastiki. Na mvua ya kwanza iachwe ioshe paa kabla haijaingia tangini. Kunguru wa Mombasa mnawajua.

Vyoo vya wasichana vinataka mambo mawili zaidi, ya bei ya chini kuliko rangi ya geti: komeo la ndani linalofunga kweli, na pipa lenye kifuniko pamoja na mtu anayejulikana wa kulimwaga kila jioni. Pasipokuwa na pipa, pedi huishia tunduni, choo huziba, na msichana huomba ruhusa saa nne asubuhi kwenda nyumbani. Hicho kipindi cha saa nne mara nyingi ni hisabati.

Kuhusu walimu, tatizo la shule ndogo ni tamaa. Katika ratiba ya sekondari ya juu somo la kuchagua huchukua vipindi 6 kwa wiki. Likifundishwa darasa moja moja katika Gredi 10, 11 na 12, ni vipindi 18, na mwalimu mmoja anaweza kuvibeba. Ndiyo maana shule hujitangaza kuwa na masomo kumi na tano, kila moja likimtegemea mtu mmoja. Akihamishwa na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, somo limekufa, na watoto waliolichagua hawana pa kwenda. Afadhali shule itangaze masomo manane yenye walimu wawili wawili. Shule jirani zigawane mengine: hii ichukue Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, ambayo imo katika orodha ya masomo ya mkondo wa sayansi na ina maana kubwa katika mji wenye bandari na Bandari Maritime Academy, ile ichukue Kiarabu, nyingine muziki na michezo.

Walimu walioajiriwa na bodi ya shule ndio hutoroka muhula ukiwa katikati, nao hawana lawama. Mgao wa serikali kwa makaratasi ni Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini mwaka 2025 Waziri wa Fedha alikiri mbele ya wabunge kwamba zinazotoka ni kama Sh16,900. Kwa shule yetu ya watoto 600 pengo hilo ni zaidi ya Sh3.2 milioni. Mwalimu mkuu anayeajiri kwa kutegemea zile 22,244 amepanga deni. Aajiri kwa kiasi kilichofika mwaka uliopita, na mishahara ya muhula wa pili itengwe mapema katika mgao wa Januari, ambao ndio mkubwa, asilimia 50.

Chakula cha mchana ndicho kinachowabakisha watoto shuleni. Bila hicho, saa saba wako barabarani kwenye viazi karai na kachiri, na wengine hawarudi. Hapa tena maji yanaingia: maharagwe yakichemshwa kwa maji ya kisima, magumu kwa chokaa ya matumbawe, hayaivi upesi na kuni zinaisha. Yalowekwe usiku kucha na kupikwa kwa maji ya mvua au ya mfereji. Siku hizi Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, na wazazi hulalamika, kwa haki, kwamba wamelipia mwezi ambao mtoto hakula. Pesa hizo zihesabiwe na zisogezwe muhula wa pili, na risiti iandikwe hivyo.

Saa nazo. Kanuni za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa u nusu. Shule inayowaita watoto saa kumi na mbili alfajiri, katika mitaa ambayo wazazi wanaogopa vijana wa panga, na kuwaachilia magharibi, inawafukuza wenyewe. Inawanyima pia muda wa madrasa, na hiyo kwa familia nyingi za hapa ndiyo faida kubwa ya mtoto kulala nyumbani.

Haya yakitengenezwa, wazazi wa Gredi 8 na 9 wa shule za msingi zilizo jirani waitwe Jumamosi moja kabla ya uchaguzi wa shule, wafunguliwe maabara na vyoo, wasitiwe ukumbini kusikiliza hotuba. Wapewe karatasi moja: masomo yanayofundishwa, idadi ya walimu kwa kila somo, bei ya chakula, saa ya kutoka. Wajulishwe pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi na jamii ya mtaa viti sita katika bodi ya shule, vya kuchaguliwa. Uchaguzi huo ukifika wahudhurie na wauulizie mradi wa geti.

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule,
Majengo, Mombasa